Newcastle ya kuku: sababu gani kirusi kikali kinaua na kile cha chanjo kinalinda

Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward katika teritware ya Beni, watu wanaishi kwa samaki. Lakini hapo, kama kwingine Kivu, kuku ndiyo akiba ya nyumbani: anauzwa mtoto akifukuzwa shuleni juu ya minerval. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza akiba hiyo kwa siku chache. Kuku anapumua kwa shida, anaharisha kijani, shingo inapinda. Kundi lisilochanjwa linaweza kufa karibu lote.

Ndani ya seli

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Kinaingia katika seli ya kuku na kuilazimisha itengeneze protini za kirusi pahali pa zake. Moja, inayoitwa F, ndiyo inafungua mlango wa seli nyingine. Lakini kwanza F inapaswa kukatwa na kimeng'enya, yaani protini ya kuku mwenyewe inayofanya kazi kama mkasi.

Tofauti iko hapo. F ya kirusi kikali inakatwa na furini, mkasi ulio karibu katika seli zote. Basi kirusi kinasambaa mwili mzima, mpaka kwenye ubongo. F ya virusi vya chanjo, kama LaSota na I-2, inakatwa tu na mikasi ya njia ya pumzi na ya matumbo. Kirusi kinabakia huko, na kuku anapona.

Protini nyingine, V, inazima interferoni, kengele ambayo seli yenye kuambukizwa inapiga ili kuonya jirani zake. V haiwezi kuzima kengele ya mtu vile inavyozima ya kuku. Ni sababu moja mtu mara nyingi anapata macho mekundu tu.

Kwa kuwa protini za chanjo zinafanana sana na zile za kirusi kikali, mwili wa kuku unajifunza kuzitambua mapema.

Kwa mfugaji

I-2 ilitoka Australia na inatengenezwa pia Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, jambo la maana pahali frigo ni chache. Ni tone moja katika jicho, kisha kurudilia kila miezi 3 au 4. Chanja kuku wazima, mbele ugonjwa haujafika. Antibiotiki haziui kirusi. Kuku aliyekufa achomwe ao azikwe. Asiuzwe, asitupwe ziwani.