Campbeltown, Mji Uliobaki na Viwanda Vitatu

Klabu ya waonjaji ikitaka kuumaliza ukanda mzima wa wiski ya Scotland kwa usiku mmoja, na wanachama wake warudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe, Campbeltown ndio mahali pa kuchagua. Kanuni za mwaka 2009 zinatambua maeneo matano: Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown. Mengine yana milima, mabonde au kisiwa kizima. Hili la mwisho ni mji mdogo wa bandari karibu na ncha ya kusini ya rasi ya Kintyre, na kwa miaka mingi ya karne hii umekuwa na viwanda vitatu tu: Springbank, Glen Scotia na Glengyle.

Alfred Barnard alipovizunguka viwanda vya wiski vya Uingereza na Ireland, kisha akachapisha kitabu chake mwaka 1887, alikuta 21 mjini humo.

Ardhi ilikuwa na kila kilichohitajika. Shayiri ililimwa jirani, mboji ya kukaushia kimea ilichimbwa karibu, na makaa ya mawe yalitoka upande wa Machrihanish. Ujuzi nao ulikuwepo zamani, ila ulijificha. Aliyewahi kuona mtambo wa gongo ukifanya kazi kichakani hahitaji kuelezwa jinsi wakulima wa Kintyre walivyokeneka pombe yao huku wakimkwepa mtoza ushuru. Sheria ya mwaka 1823 ilipunguza mzigo wa ushuru, na waliokuwa wakijificha wakaona heri leseni. Springbank ilianza mwaka 1828, Glen Scotia mwaka 1832. Meli zikabeba mapipa hadi Glasgow, kwa wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya wiski za sehemu mbalimbali.

Mteja huyohuyo ndiye aliyeugeuka mji. Wachanganyaji walianza kupenda wiski laini za Speyside, ambako reli ilikuwa imefika. Ile ya Campbeltown, nzito na yenye mafuta, ikawashinda. Marekani ikapiga marufuku pombe mwaka 1920, na mgodi wa makaa ukafungwa katika muongo huohuo. Inasemwa sana kwamba baadhi ya viwanda vilikimbilia wingi vikaacha ubora, na mimi naona lawama hiyo ina uzito: soko linapobana, wa kwanza kuachwa ni yule ambaye mnunuzi ameshaanza kumtilia shaka. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilikuwa vimebaki viwili.

Hazelburn, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote mjini, kilifungwa mwaka 1925. Miaka mitano kabla, Mjapani kijana aitwaye Masataka Taketsuru alifanya kazi humo akijifunza na kuandika kila alichokiona. Mwaka 1934 alianzisha kampuni ambayo leo dunia inaijua kama Nikka. Kwa hiyo sehemu ya elimu ya Campbeltown ilinusurika Japani wakati kwao milango inafungwa.

Mezani, anza na Hazelburn. Jina ni la marehemu, lakini siku hizi wiski hiyo inatengenezwa Springbank: haina moshi, na imekenekwa mara tatu. Ifuate Springbank yenyewe, ambayo husemwa imekenekwa mara mbili na nusu kwa kuwa sehemu tu ya kinywaji hupitishwa mara ya tatu. Longrow, yenye moshi mzito wa mboji, ije mwisho, maana ukiitanguliza hutaonja tena kitu kingine. Nayo ina jina la kiwanda jirani kilichokufa. Weka matone ya maji, unuse kwanza. Kimea cha zote tatu kilitandazwa na kugeuzwa kwa mikono sakafuni palepale, kazi ambayo viwanda vingi vya Scotland vimeiacha.

Glengyle kilizimwa mwaka 1925, kikafufuliwa mwaka 2004 na wenye Springbank. Jina lake lilikuwa tayari limeshikwa na wiski ya kampuni nyingine, basi chupa zake huuzwa kwa jina la Kilkerran.