Nani Ashike Sindano: Sheria za Tiba ya Mifugo Afrika Mashariki

Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, kupitia Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Kufikia 1891 ilikuwa imeshapita Umasaini. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyezuru nyanda hizo muda mfupi baadaye, aliandika habari za Wamasai waliokondeana hadi mifupa, wakizunguka kutafuta chochote cha kula. Mahali pengi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Watawala wa kikoloni walipoanza kutunga sheria za mifugo, msiba huo ulikuwa bado mbichi, na ndiyo maana sheria za mwanzo zilishughulika na jambo moja tu: kuzuia mnyama asitembee.

Wajerumani walifungua maabara Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza wakafungua ya Kabete mwaka 1910. Maabara hizo zilizaa utaalamu wa kweli. Lakini ofisa mifugo aliyefika kijijini hakuja na dawa. Alikuja na amri. Aliweza kufunga njia ya ng'ombe, kusimamisha mnada na kuamuru mnyama auawe. Nchini Kenya karantini ilikaa kwa miaka mingi mfululizo juu ya maeneo ya Wamasai na Wakamba, huku walowezi wakilindiwa soko lao. Kisha yakaja maagizo ya kupunguza mifugo. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa miguu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao waliochukuliwa kwa nguvu. Mtu anayeshangaa kwa nini mfugaji mzee humficha ofisa mifugo idadi ya ng'ombe wake hana budi kuanzia hapo.

Amri nyingine ilihusu kupe. Mwaka 1897 Robert Koch, akiwa Dar es Salaam, aliona vimelea vya ndigana kali katika damu ya ng'ombe wa pwani lakini hakujua bado ni ugonjwa mpya. Miaka michache baadaye ndigana kali ikalipuka Rhodesia, ikihusishwa na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu kupitia Beira. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alionyesha kwamba kupe wa kahawia wa masikioni ndiye anayeieneza. Majosho yakajengwa, kwanza kwa dawa ya aseniki, na kuogesha kukawa wajibu wa kisheria. Kenya ilitunga sheria yake ya kuogesha ng'ombe mwaka 1937. Vizazi viwili vya wafugaji vilijua tiba ya mifugo kwa sura hiyo: dimbwi la serikali, dawa ya serikali na siku iliyopangwa na serikali.

Sheria ya taaluma ilichelewa, na ilipofika ilikuwa imevaa nguo za Uingereza, ambako chuo cha kifalme cha madaktari wa mifugo kilipewa hati yake mwaka 1844 na jina la daktari wa mifugo likalindwa kwa sheria mwaka 1881. Sheria ya Kenya ya mwaka 1953 ilifuata njia hiyo: iliweka rejista na kumkataza asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Katika mji wa Kiingereza wenye daktari kila mtaa, katazo kama hilo lina maana. Turkana au Simanjiro, ambako daktari wa karibu yuko mwendo wa siku nzima, lilimwacha mgonjwa bila mtu wa kumtibu kihalali.

Pengo hilo halikuonekana sana wakati serikali yenyewe ikiajiri, ikinunua dawa na kuchanja bila malipo. Ilikuwa enzi yenye mafanikio makubwa. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika barani kote. Ndipo ikaja miaka ya 1980 na masharti ya kubana matumizi. Mwaka 1988 Kenya iliacha kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wa udaktari wa mifugo. Majosho yalikabidhiwa kwa wananchi, na mengi yakakauka, Kenya na Tanzania pia. Dawa zikahamia dukani. Mfugaji akanunua chupa ya oksitetrasaiklini na sindano, akarudi bomani kutibu mwenyewe.

Ninashikilia kwamba lawama ya hali hiyo haimwangukii mfugaji. Sheria ililinda cheo cha daktari kwa bidii, na kwa muda mrefu haikumwandaa mtu wa kufika bomani.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika historia ya sotoka yenyewe. Katika miaka ya 1990 ugonjwa ulikuwa umejificha kwa Waafari wa Ethiopia, Sudan Kusini na Somalia, sehemu zisizofikika kwa gari la barafu. Waliokwenda kuchanja huko, kwa chanjo iliyostahimili joto, walikuwa wafugaji wenyewe waliopewa mafunzo mafupi. Mlipuko wa mwisho kujulikana ulikuwa wa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa huru na sotoka. Wakati huohuo wataalamu wengi wa Kenya waliendelea kuwapinga wahudumu wa aina hiyo, wakisema hawatambuliwi na sheria. Kwa maandishi walikuwa sahihi.

Tanzania ilitunga sheria tatu mwaka 2003: ya Chakula, Dawa na Vipodozi, ya Veterinari, na ya Magonjwa ya Wanyama. Sheria ya Veterinari ilifanya jambo la busara kwa kuwaingiza katika daftari za Baraza la Veterinari wataalamu wasaidizi pamoja na madaktari. Kenya iliwatambua wataalamu wasaidizi kwa sheria mpya ya mwaka 2011, ikaanzisha pia kurugenzi maalumu ya dawa za mifugo. Tanzania ilibaki na mamlaka moja ya dawa za watu na za wanyama, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA. Kila njia ina hoja yake na ugumu wake. Nchini Kenya mvutano kati ya wafamasia na madaktari wa mifugo juu ya nani aidhinishe duka umekuwa mkali. Tanzania dawa zinasimamiwa chini ya Wizara ya Afya, ilhali ng'ombe wako wizara nyingine.

Chanjo ya ndigana kali inaonyesha sheria inaweza kukutana na mfugaji. Ni vimelea hai vinavyotunzwa katika naitrojeni ya kimiminika, na ndama hupewa oksitetrasaiklini siku hiyohiyo. Kosa dogo la kipimo linaweza kumuua. Kwa hiyo huchanja mtu aliyefunzwa tu, na ndama huvishwa hereni sikioni. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiilipia wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu wameona ndama wanapona na kwamba ndama mwenye hereni ana bei nzuri mnadani.

Oksitetrasaiklini ileile ikiuzwa peke yake haina ulinzi huo. Mara nyingi lebo yake ni ya Kiingereza, na ndani yake mna muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja, muda ambao kwa nyama unaweza kuwa wiki kadhaa. Ng'ombe aliyedungwa Jumatatu na kupelekwa mnadani Alhamisi hana alama yoyote ya kumtambulisha, na mkaguzi wa nyama machinjioni hutazama ini na mapafu, si kilichomo ndani ya damu.