Fenobabitoni: Dawa ya kifafa isiyoachwa ghafla

Mwanafunzi pale Mazimbu, Morogoro, anameza dawa ya kifafa kila usiku. Miezi sita hajaanguka. Anajiona amepona, anaacha vidonge. Hatari inaanzia hapo.

Ni dawa gani?
Fenobabitoni ni ya kundi la babichureti, dawa zinazotuliza ubongo. Iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1912. Mwaka huohuo daktari Alfred Hauptmann aliripoti kuwa inazuia kifafa. Zamani babichureti zilitumika sana kama dawa za usingizi, lakini zilileta uraibu, na waliozidisha dozi walikufa kwa kushindwa kupumua. Fenobabitoni imebaki kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO: ni ya bei nafuu na inasaidia.

Morogoro inaijua
Huko Mahenge, mkoa huohuo wa Morogoro, Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa walitengwa, watu wakiamini kifafa kinaambukiza. Kwa fenobabitoni, wengi waliacha kuangukaanguka.

Inafanyaje kazi?
Ubongo una kemikali ya asili iitwayo GABA, ambayo ni kama breki ya seli za neva. Fenobabitoni huifanya breki hiyo ishike kwa muda mrefu zaidi. Dawa hukaa mwilini siku kadhaa, ndiyo maana mara nyingi humezwa mara moja tu kwa siku.

Kwa nini isiachwe ghafla?
Ubongo umeshazoea breki hiyo. Ikitoka ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine bila kukatika, na kinaweza kuua. Daktari akiona inafaa kuacha, hupunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki au miezi.

Ya kuzingatia
- Isichanganywe na pombe. Mtu anaweza kushindwa kupumua.
- Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV. Daktari aambiwe mapema.
- Huleta usingizi. Tahadhari kwa dereva wa bodaboda.
- Mjamzito asiache dawa mwenyewe, amwone daktari.
- Safari ya likizo? Vidonge vihesabiwe kabla ya kupanda basi.

Mtu akianguka na kifafa kikapita dakika 5, awahishwe hospitali.