Kosa lisilo na mkosaji

Wanafunzi wa fizikia huandika "kosa la kitakwimu". Neno hilo linanikera. Kosa lina mkosaji; anayekosa shabaha amelenga vibaya. Sasa tazama Manchester mwaka 1910. Rutherford na Geiger wanachapisha hesabu ya chembe za alfa. Kila chembe inapogonga kiwambo cha salfaidi ya zinki hutoa kimweko hafifu, na mtu hukaa gizani, jicho kwenye hadubini, akihesabu. Katika vipindi 2,608 vya sekunde 7.5 walipata chembe 10,097, yaani wastani wa karibu 4. Hata hivyo, vipindi 57 vilipita bila kimweko hata kimoja, na vingine 10 vikaleta vimweko 10 kila kimoja. Nani kakosea hapo? Hakuna. Chembe hazina ratiba.

Ndiyo maana napendelea "hitilafu". Mafundi wa umeme wameliteka neno hili, lakini asili yake ya Kiarabu ni kutofautiana, nasi bado twasema watu wamehitilafiana. Kiasi chake hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe: ukihesabu 10,000, hitilafu ni 100, asilimia 1 tu, ukihesabu 25, ni 5, asilimia 20 nzima. Geiger na Marsden walipotawanya chembe kwa karatasi ya dhahabu, pembe kubwa zilileta vimweko vichache mno. Dawa ilikuwa kuendelea kukaa gizani.

"Kosa" nawaachia wenye kusoma mizani vibaya.