Sora: Kura Iliyosubiri Miaka Sita

Tarehe 5 Oktoba 2021, Masahiro Sakurai alimtangaza mpiganaji wa mwisho wa Super Smash Bros. Ultimate, gemu inayowakutanisha ulingoni wahusika wa kampuni mbalimbali. Alikuwa Sora wa Kingdom Hearts. Mashabiki walipiga mayowe, wengine wakalia kabisa.

Sasa mtu mzima analilia nini kijana wa kwenye gemu mwenye viatu vikubwa? Turudi 2015. Nintendo iliwaomba mashabiki wapige kura: nani aongezwe? Desemba akatangazwa Bayonetta, kinara kati ya wale “waliowezekana”. Neno hilo lilificha mengi. Sora ni mali ya Disney, na kupata ruhusa ya Disney si lelemama. Wengi wakakata tamaa.

Siku ile ya Oktoba ndipo ikajulikana kuwa aliyeongoza kura zote alikuwa Sora. Wapo walionuna, maana mtu wao hakuingia na mlango ndio umefungwa. Lakini kilio kile, naona mimi, hakikuwa cha Sora peke yake. Kilikuwa cha mpiga kura aliyegundua, baada ya miaka sita, kwamba kura yake haikutupwa.