Kumbukumbu Iliyofutwa: Udhaifu wa Msuko katika "The Changeling"

Watahiniwa wengi hudhani kwamba kazi ikitaja Kiswahili, basi inastahili sifa. Makala haya yanaipima kazi moja ya aina hiyo: "The Changeling", sehemu ya tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Star Trek. Iliandikwa na John Meredyth Lucas na kuonyeshwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967.

Tamthilia yenyewe ilianza mwaka wa 1966, takriban miaka mitatu baada ya Kenya kujitawala. Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani mweusi, alifika kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Neno hilo ndilo lililozaa jina la mhusika wake, Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha angani. Irabu ya mwisho ilibadilishwa ili jina lisikike la kike. Mwalimu wa sarufi atatabasamu hapa, kwani Kiswahili kina ngeli, hakina jinsia ya kike na ya kiume.

Tuje kwenye msuko. Mashine iitwayo Nomad inaingia chomboni, inamsikia Uhura akiimba, inaichunguza akili yake na kuyafuta maarifa yake yote. Anafundishwa upya kusoma kama mtoto wa chekechea. Neno la Kiingereza linapomtatiza, analalamika kwa Kiswahili, na muuguzi anamtaka atumie Kiingereza. Mwishowe daktari anatangaza kwamba amefikia kiwango cha chuo na atarejea kazini katika muda wa wiki moja.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki huku Likoni, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza, "Mwalimu, kama alifutiwa yote, Kiswahili alikitoa wapi?" Darasa lilicheka, lakini hilo ndilo swali la mhakiki.

Huenda mwandishi alitaka kusema kwamba lugha ya kwanza hukaa mahali ambapo hata mashine haifiki. Hiyo ingekuwa dhamira nzito. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anaeleza jinsi wanafunzi walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Mimi pia niliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kunena Kidigo. Kwetu sisi, agizo la yule muuguzi si jambo dogo. Katika hadithi, hata hivyo, linapita kama mzaha. Uhura haulizwi alipoteza nini, na msiba wake unafutwa kwa sentensi moja ya daktari.

Si kwamba mwandishi hakujua kusuka. Nomad imejipa kazi ya kuangamiza kila chenye kasoro. Nahodha Kirk anaithibitishia kwamba yenyewe imekosea, nayo inajiangamiza. Kilele hicho kimeandaliwa tangu mapema. Mashine ilipewa msuko kamili. Mwanamke aliyefutiwa maisha yake alipewa tukio la kupitisha wakati.

Kwa hivyo, mtahiniwa, ukikutana na Kiswahili katika kazi ya kigeni, usiishie kwenye fahari. Uliza: lugha hii inamjenga mhusika, inasukuma mgogoro, au ni pambo tu? Kisha thibitisha jibu lako kwa matukio ya kazi yenyewe, kama alivyofanya yule msichana wa Likoni.