Gari Kubwa na Jasho la Mkulima

Mwaka 1970 ubepari wa Marekani uliunda Cadillac Eldorado yenye injini ya lita 8.2. Kulipenda gari hilo halikuwa suala la macho tu, Ndugu; lilikuwa suala la kitabaka, maana fahari yake ilitegemea mafuta rahisi ya nchi za wengine. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vikaifichua siri hiyo: kufikia Januari 1974 pipa la dola 3 hivi lilikaribia dola 12.

Sisi tulilipa kwa pamba, kahawa na katani. Kutoka Singida hadi Dodoma Eldorado ingekunywa lita 50 hivi (na usukani wake uko kushoto!), wakati mkulima wa Iramba alibebesha punda mtama wake.

Nasi tulikuwa na Wabenzi wetu. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha, gari halikukatazwa. Mwongozo wa 1971 ulikemea majivuno, lakini Benzi ziliendelea kutembea. Kilichozisimamisha ni uhaba: kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili alasiri.